Krokasi za Mapukutiko: Hesabu Vijiti, Kisha Tazama Ganda

Watu huniletea picha za maua kwenye simu, na karibu zote zimepigwa kutoka juu: zambarau tupu, ua limejaa kioo. "Shangazi, hii si zafarani?" Picha ya namna hiyo hainiambii kitu. Ua la zambarau lililochomoza ardhini bila majani, miti ikianza kupukutika, laweza kuwa zafarani yenyewe. Laweza kuwa moja ya krokasi nyingine, ndugu za zafarani zisizo na kazi jikoni. Na laweza kuwa kolchikamu, mmea wenye sumu inayoua. Kwa hiyo mimi nami huuliza: vijiti vyake vya chavua ni vingapi?

Vijiti hivyo, yaani stameni, vikiwa vitatu, hiyo ni krokasi. Vikiwa sita, si krokasi, hata kama kifuko kilichoiuza kimeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Krokasi ni ya familia ya Iridaceae, inayojulikana kwa stameni tatu. Kolchikamu ina familia yake, Colchicaceae, na stameni zake ni sita. Wauzaji wa Ulaya wamezoea kuyaita maua haya mawili kwa jina moja, krokasi ya mapukutiko, na mchanganyiko huo husafiri pamoja na mzigo hadi kwa mnunuzi.

Kuhesabu kunataka ua lililofunguka. Krokasi nyingi hufunga petali usiku na siku za baridi yenye mawingu, kwa hiyo ukienda bustanini alfajiri utazikuta zimebana. Usizipasue kwa kidole. Kata ua moja, liingize ndani penye joto, na baada ya muda mfupi litafunguka lenyewe. Mimi hutembea na lenzi ya kukuza mara kumi iliyoning'inia shingoni kwa uzi, lakini kwa hesabu hii ya kwanza macho matupu yanatosha.

Ukishamaliza stameni, tazama katikati. Kwenye krokasi hupanda uzi mmoja, ambao juu hugawanyika kuwa stigma: ama matawi matatu, ama nyuzi nyembamba nyingi. Kwenye kolchikamu ya kawaida, Colchicum autumnale, utaona nyuzi tatu zilizoachana tangu chini kabisa. Ushahidi huo wa pili husaidia pale konokono walipokwisha kula stameni kadhaa na hesabu ikawa haieleweki.

Kuna na jamaa wa tatu, Sternbergia lutea, mwenye maua ya njano iliyokolea. Huyo ana stameni sita lakini uzi mmoja tu wa katikati, na ni wa familia ya Amaryllidaceae. Ukilikata tunguu lake, yaani sehemu nene iliyo ardhini, utakuta tabaka juu ya tabaka, wakati tunguu la krokasi ni nyama moja ngumu isiyo na tabaka. Ukiona ua la njano linalofanana na krokasi mwezi Septemba, fikiria sternbergia kwanza. Krokasi ya njano ya msimu huo ipo, Crocus scharojanii ya milima ya Kaukasi, ambayo huanza kuchanua kiangazi hakijaisha, lakini ni adimu na ina deko. Haitokei bustanini mwa mtu kwa bahati.

Sumu

Hapa siendi haraka. Kolchikamu ina kolchisini katika kila sehemu yake: tunguu, jani, ua na mbegu. Kolchisini hiyo hiyo ni dawa ya jongo, lakini kipimo cha kutibu na kipimo cha kuua vinakaribiana mno. Aliyeila anaweza kukaa saa kadhaa akijiona mzima. Kisha huja kutapika na kuharisha, na siku zinazofuata viungo vya ndani huanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Ukishuku kwamba mtu amekula, usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue kipande cha mmea wenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.

Watu wengi waliodhurika Ulaya hawakula ua. Walikula majani, wakati wa machipuko. Kolchikamu hutoa maua majira ya mapukutiko na majani mapana miezi mingi baadaye, na watu huyachuma wakidhani ni kitunguu saumu cha porini, Allium ursinum. Mkono uliokwisha kuchuma kitunguu saumu halisi hunuka, na kila jani litakaloguswa baada ya hapo litaonekana linanuka vilevile. Kwa hiyo kupima kwa pua hakutoshi.

Majani ya krokasi hayafananii na hayo hata kidogo. Ni membamba, ya milimita chache tu, na mengi yana mstari mweupe unaopita katikati kutoka chini hadi nchani. Matunguu nayo hutofautiana: la kolchikamu ni kubwa, mara nyingi lenye urefu wa sentimita tano au zaidi, limepinda upande mmoja na lina kitu cha mfano wa mguu chini, la krokasi ni dogo, la sentimita moja hadi tatu au nne, la mviringo uliobonyea. Ukiuziwa tunguu la kujaza kiganja kwa jina la krokasi, lirudishe.

Sharti langu bustanini ni hili, na wapwa zangu wanalijua: hakuna uzi unaokwenda jikoni kutoka kwenye ua ambalo halikuhesabiwa. Na hata krokasi ya kweli, yenye stameni tatu, haiwi kiungo kwa sababu hiyo tu. Zafarani ya kula ni Crocus sativus, basi.

Rangi iwe ya mwisho

Wanaoanza huanza na rangi ya petali kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa mbali. Mimi huiweka mwisho. Krokasi moja inaweza kuwa na maua ya bluu-zambarau, ya urujuani hafifu na meupe kabisa katika bonde moja. Crocus speciosus, ambayo huuzwa sana, ina aina nyeupe ya bustanini inayoitwa 'Albus', na aina zake za bluu zinapishana ukolevu. Mambo yasiyobadilika haraka ni manne: koo la ua, yaani ndani chini petali zinapoungana, rangi ya vifuko vya chavua vilivyo juu ya stameni, umbo la stigma, na kama majani yapo au hayapo ua linapochanua.

Chukua mfano wa krokasi mbili zinazochanganywa sana. Crocus speciosus ina koo jeupe-jeupe lisilo na njano, vifuko vya chavua vya njano, na stigma ya rangi ya chungwa iliyochanika kuwa nyuzi nyingi. Crocus pulchellus, ya Balkani na magharibi ya Uturuki, ina stigma ya namna hiyo hiyo, na petali zake zina mishipa myeusi vilevile. Lakini koo lake ni la njano iliyoiva, na vifuko vyake vya chavua ni vyeupe. Kwa hiyo angalia pointi mbili tu, koo na chavua, na ubishi umekwisha. Tatizo ni kwamba hizi mbili huzaliana zikipandwa karibu, na watoto wao huchukua koo la huyu na chavua ya yule. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwenye mbegu.

Crocus kotschyanus hujitambulisha yenyewe: ya urujuani iliyoelekea waridi, na chini ya kila petali kuna madoa mawili ya njano ambayo yakikutana hufanya duara ndani ya koo. Chavua yake ni ya rangi ya maziwa. Hii ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingi, na kuna ukoo wa zamani unaozunguka sokoni ambao hutoa vitunguu vidogo vingi chini na maua machache juu. Ukiona msimu wa pili majani tele bila ua, umeuziwa ukoo huo, mbolea haitaubadilisha.

Nyeupe zenye koo la njano huwatesa hata wazoefu. Hapo nenda moja kwa moja kwenye chavua. Crocus boryi ya Ugiriki ina vifuko vyeupe na stigma ya nyuzi nyingi. Crocus niveus ya Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, yenye ua kubwa la kupendeza, ina vifuko vya njano. Crocus hadriaticus nayo ina vya njano, ila stigma zake ni matawi matatu mazima, mekundu, yasiyochanika. Crocus ochroleucus ya Lebanoni na jirani zake huja imechelewa, ndogo, ya rangi ya malai, na vifuko vyeupe.

Kuna mbili zisizohitaji lenzi. Crocus banaticus, inayopatikana zaidi Romania, ina petali tatu za ndani ndogo kuliko za nje kwa kiasi kikubwa, hata mtu akadhani ni airisi; stigma yake ni ya urujuani, jambo lisilo la kawaida kwa krokasi. Na Crocus tournefortii ya visiwa vya Ugiriki haifungi ua ikishalifungua, usiku wala siku ya mvua. Nenda na tochi saa tatu usiku: iliyo wazi wakati wenzake wamefunga ni hiyo, au ni zafarani na dada yake wa porini, ambazo nazo zina tabia ya kukesha.

Hiyo zafarani sasa. Crocus sativus ina petali za zambarau zenye mishipa iliyokolea, stameni tatu za njano, na stigma tatu nyekundu ndefu ambazo hulegea na kuning'inia nje kati ya petali. Majani yake membamba mara nyingi yapo tayari ua linapofunguka. Ukiona nyuzi za chungwa zilizochanika-chanika zimesimama wima katikati, hiyo ni speciosus au ndugu zake, na ukizikausha hutapata ladha wala harufu ya maana. Dada wa porini wa zafarani ni Crocus cartwrightianus, mdogo kidogo, mwenye stigma nyekundu vilevile. Tafiti za vinasaba zilizotoka mwaka 2019 zilithibitisha kwamba zafarani ilitokana na huyu, na zikaelekeza kidole kwenye mimea ya Attica, karibu na Athens. Zafarani ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, jumla 24, ndiyo maana haizai mbegu kamwe. Kila tunguu la zafarani lililopo limetokana na tunguu lingine, mkono kwa mkono. Ukipata mbegu kwenye mmea ulioambiwa ni zafarani, sio.

Chini ya udongo

Ua likishindwa kukupa jibu, chimba. Ngoja mmea ulale, kiangazi, majani yakishakauka, kisha toa tunguu moja na uchunguze ganda lake la nje. Brian Mathew, mtaalamu wa Kiingereza ambaye Crocus mathewii ya Uturuki ilipewa jina lake, alipoipanga jenasi hii, yaani kundi zima la krokasi, mwaka 1982 aliyapa maganda uzito mkubwa. Uchunguzi wa DNA umevuruga sehemu ya mpango wake, na aina zinazotambuliwa sasa zimepita 200, lakini kwa mtunza bustani ganda bado ni shahidi mzuri. Halibadiliki kwa mvua wala kwa kivuli.

Maganda mengine yana nyuzi zilizosukana kuwa wavu. Za Crocus cancellatus ni nene, matundu yake yanaonekana bila lenzi. Za zafarani ni laini mno, lazima uzishike kwenye mwanga. Mengine hukatika chini kwa pete kamili, ambazo unaweza kuzivua moja moja: hizo ni za speciosus na pulchellus. Na mengine ni laini, magumu, yanayovunjika vipande kama kaka la yai: Crocus laevigatus na Crocus goulimyi. Goulimyi ilielezwa rasmi mwaka 1955 tu, ingawa inaota kwa wingi kusini mwa Peloponnese, kwenye mizeituni na kando ya kuta za mawe. Huwa najiuliza wataalamu wa karne nzima iliyotangulia walikuwa wakipita hapo mwezi gani.

Tunguu la kotschyanus limebonyea ovyo ovyo na mara nyingi hulala ubavu, hata hujui juu ni wapi. Usisumbuke kutafuta, litajigeuza. Nalo la Crocus nudiflorus hutoa vitawi vya chini ya ardhi vyenye matunguu machanga nchani, kwa hiyo ukichimba ukaona vitawi hivyo, umeshapata jina bila kuona ua.

Asili yake ndiyo ratiba ya maji

Ndiyo maana nasisitiza jina lipatikane kabla ya jembe. Krokasi mbili zinazofanana juu ya udongo zinaweza kutaka mambo kinyume kabisa wakati zimelala, na kosa la maji kiangazi huua nyingi kuliko baridi.

Zile za Ugiriki na pwani za Mediterania zimezoea kiangazi kikavu na cha moto. Humo wamo zafarani, cartwrightianus, goulimyi, niveus, hadriaticus, laevigatus, tournefortii na boryi. Tangu majani yanapogeuka manjano hadi mwisho wa Agosti zisipate tone. Bustani inayomwagiliwa kila jioni kwa ajili ya mboga haiwafai. Wape kitanda kilichoinuliwa, au vyungu unavyoweza kuvihamishia chini ya paa.

Kinyume chake, banaticus na nudiflorus hutoka kwenye nyasi na kingo za misitu ambako mvua hunyesha hata kiangazi. Nudiflorus ni ya kusini-magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Hispania, na imejipenyeza kwenye malisho ya Uingereza ambako inaishi bila kutunzwa. Ukizikausha hizi kabisa miezi mitatu, hunyauka hadi kuwa punje. Wape udongo wenye mboji na kivuli cha nusu siku, na wasikauke kabisa.

Katikati wapo wastahimilivu: speciosus, pulchellus na kotschyanus. Ukiwa huna uhakika na hali yako ya hewa, anza na speciosus. Huvumilia jua na kivuli chepesi, huingia kwenye nyasi, na huongezeka kwa mbegu na kwa vitunguu. Kasoro yake ni mrija mrefu wa ua usio na nguvu. Mvua kubwa huilaza yote. Ipande kati ya mimea mifupi inayotambaa ili ipate pa kuegemea.

Miezi ninayoitaja ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Aliye kusini aongeze miezi sita. Na pale pasipo na mabadiliko ya joto kati ya misimu, elewa kinachotokea ndani ya tunguu: zafarani huumba ua lake kwenye joto la nyuzi 23 hadi 27 za Selsiasi, ikiwa imelala kavu, kisha husubiri hewa ipoe hadi karibu nyuzi 17 ndipo ua litoke. Joto lisiposhuka, ua hubaki ndani na kuoza humo. Wakulima wa China hutumia ujuzi huu waziwazi: matunguu hukua shambani, kisha hupangwa ndani kwenye trei bila udongo wala maji, yakachanua hapo na kuvunwa kwa starehe, halafu hurudishwa shambani yakatoe majani.

Kupanda

Panda mapema, Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Krokasi hizi hazina subira ya wauzaji. Tunguu lililoachwa kwenye kifuko litachanua humo humo, likatumia akiba yake bila mizizi. Likishachomoza lipande hivyo hivyo, taratibu, usilivunje. Linaweza kupona.

Kina ni sentimita 8 hadi 10 kwa nyingi, na zafarani nenda hadi 12 au 15. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8. Zafarani ipe 10, maana inajazana. Udongo usiotuamisha maji ndio msingi. Ukiwa mzito, changanya kokoto ndogo au mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, si mchanga laini wa kupigia lipu, ambao huziba zaidi. Usihangaike sana na kina kamili: krokasi ina mizizi minene inayojikunja na kulivuta tunguu chini hadi linapopapenda. Kila mwaka tunguu jipya hukaa juu ya la zamani, na bila mizizi hiyo lingefika juu ya udongo baada ya misimu michache.

Kwa zafarani nunua matunguu makubwa. Madogo hutoa majani tu mwaka wa kwanza, na muuzaji hatakwambia.

Kwenye nyasi, acha kukata kabla vichipukizi havijatoka, karibu mwanzo wa Septemba, na baada ya maua usikate tena mpaka majani yajikaukie, Mei au Juni. Hapa ndipo wengi hushindwa na majirani wao wapenda unadhifu. Majani ndiyo yanayojaza tunguu la mwaka ujao, na ukiyakata mabichi utapunguza maua hadi yaishe. Kama huwezi kuvumilia nyasi ndefu kipindi hicho, panda kwenye kitanda.

Vyungu navipenda kwa zile za kiangazi kikavu. Tumia vya udongo wa kufinyanga, kina cha sentimita 20 au zaidi, nusu udongo na nusu kokoto. Maji ya kwanza mazito wakati usiku unapoanza kupoa ndiyo huziamsha. Majani yakiwa yanakua, wape mbolea yenye potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo kila baada ya wiki chache, na mwagilia udongo usikauke. Kiangazi mwaga chungu chote, chambua matunguu, tupa yaliyolainika, panda upya. Wakati huo ndio wa kutazama maganda na kusahihisha majina.

Majina hayo yaandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Wino wa kalamu nyingi zinazoitwa za kudumu hufutwa na jua, penseli hubaki. Tia kibandiko kimoja juu na kingine ndani ya chungu, chini ya udongo, kwa sababu ndege hung'oa cha juu.

Wala matunguu na magonjwa

Panya ndiye adui wa kwanza. Hunusa udongo uliochimbuliwa karibuni na kufukua safu nzima usiku mmoja. Dawa ya uhakika ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliolazwa juu ya matunguu na kufunikwa kwa udongo; machipukizi hupenya. Harufu za pilipili na vitu vya kunyunyiza huoshwa na mvua ya kwanza, sijui kwa nini watu huendelea kuzinunua.

Konokono hutafuna maua. Watoe kwa mkono usiku. Ukiona petali zenye michirizi iliyovunjika isiyo ya kawaida, na majani yenye madoa marefu ya manjano, shuku virusi. Havitibiki. Choma mmea mzima, usiuweke kwenye mboji, na usimgawie mtu vitunguu vyake. Kuoza kunakosababishwa na kuvu wa Fusarium huingia kupitia tunguu lililojeruhiwa au udongo wenye maji. Kwa zafarani usirudie kitanda kile kile mwaka hadi mwaka. Hamisha baada ya misimu mitatu au minne.

Kuvuna zafarani

Chuma maua asubuhi, umande ukiisha na kabla jua halijayalegeza. Siku hiyo hiyo ng'oa stigma tatu nyekundu. Sehemu ya chini iliyo njano acha, haina rangi wala harufu ya kutosha. Zitandaze kwenye karatasi penye hewa kavu na joto la wastani hadi ziwe zinakatika kwa vidole. Uzito utashuka hadi karibu sehemu ya tano. Gramu moja kavu inataka takriban maua 150, kwa hiyo mwenye matunguu ishirini apange kupika mara chache tu. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa.

Mbegu

Kwa nyingine zote, zisizo tasa, mbegu ni njia nzuri ya kupata mimea isiyo na virusi. Usizitafute kwenye ua. Ovari ya krokasi, mahali mbegu zinapoumbwa, iko chini ya udongo, na kifuko cha mbegu husukumwa juu miezi mingi baadaye, machipuko yakiisha, mara nyingi katikati ya majani yanayokauka. Kikianza kupasuka kichume, maana sisimizi hubeba mbegu haraka.

Panda kina cha sentimita moja mapukutiko hayo hayo, chungu kiwe nje kipate baridi. Mwaka wa kwanza utaona jani moja jembamba kila mbegu, nalo watu hulidhani nyasi na kuling'oa. Iache miche chunguni misimu miwili ya kukua kabla ya kuihamisha. Ua huja mwaka wa tatu au wa nne.

Kama speciosus na pulchellus zilichanua pamoja bustanini mwako, yakague maua hayo ya kwanza kwa lenzi, moja moja. Koo la njano na chavua ya njano, au koo jeupe na chavua nyeupe, ni mseto. Andika hivyo kwenye kibandiko, "mseto", na majina ya wazazi wote wawili, na ukimgawia mtu mpe pamoja na kibandiko hicho.